Ndimu Nyeusi na Maji ya Samaki

Sanduku la binti yangu lilipofunguliwa kitandani, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mfuko wa ndimu zilizooza. Angalau mimi ndivyo nilivyoziona. Zilikuwa nyeusi, zimekauka, nyepesi kama hakuna kitu, na ukizitikisa mbegu zinacheza ndani. Nikasema pole, hizi zimeharibikia njiani, nikaanza kuangalia mahali pa kuzitupa. Akanishika mkono.

"Mama! Hizo niliacha blanketi ndiyo zitoshe."

Blanketi ndilo nililokuwa nikilingoja. Huku kwetu baridi haina msimu, na binti akikaa Uarabuni miaka sita, mama yake haoni vibaya kungoja blanketi. Lakini niandike kwa haki: hakuwa ameniahidi blanketi lolote. Hiyo ilikuwa hesabu yangu peke yangu.

Chini ya ndimu kulikuwa na unga mwekundu mchachu anaouita sumaki. Kulikuwa na majani makavu yaliyosagwa pamoja na ufuta. Kulikuwa na chupa ya maji ya maua ya waridi, na mkebe wa kitu kizito kama grisi ambacho pia ni ufuta. Na chini kabisa, ndani ya soksi na mifuko mitatu ya plastiki, chupa ya majimaji ya kahawia. Hayo ni maji ya samaki. Samaki anatiwa chumvi, anaachwa aoze kwa utaratibu, halafu maji yake yanakamuliwa na watu wanakula. Aliifungua kidogo tu nionje harufu. Mzee wangu, ambaye alikuwa amekaa nje, aliuliza kama kuna panya amefia darini.

Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hivyo sina mazoea ya kuamini haraka ninachofikiri. Nikifikiri kitu najiuliza kwanza kama ni ujinga. Nilimuuliza, hivi vyote ni vya nchi gani? Akacheka. Alisema nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa na madam wa huko huko, mama mkwe wa madam alitoka Iran, mpishi wa zamani alikuwa Mhindi, na mwenzake wa kufua alikuwa Mfilipino, yule wa samaki. Binti yangu mwenyewe alichukuliwa kuosha vyombo. Mpishi akaugua, yeye akashikishwa kijiko mara moja, na hakukirudisha tena.

"Nimejifunza kupika dunia nzima, Mama, bila kutoka nje ya geti."

Mimi dunia yangu inaanzia kwa zizi inaishia kituo cha kununulia majani ya chai.

Shida ilianza wiki iliyofuata, ajenti wa kazi za Uarabuni alipopiga simu. Nilikuwa nasuuza mikebe ya maziwa, sikwenda kusikiliza, lakini masikio hayana mlango. Kulikuwa na mkataba mwingine tayari, nyumba ingine, mji uleule. Binti yangu akamjibu, "Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nataka kufungua hoteli hapo sokoni Chepilat, ya vyakula vile nimejua. Kama watu wa kwetu hawatakula chakula changu, nitarudi."

Watu wa kwetu. Alipomaliza kuongea aliniangalia, na nikajua watu wa kwetu ni mimi.

Baba yake hakuhesabiwa. Mzee wangu husifu kila kitu. Alipewa wali wa njano wenye zabibu kavu ndani, akasema tamu sana, halafu akauliza, "Sasa kimyet iko wapi?" Kwake hata ule nini, kama hujala kimyet, ule ugali wetu wa kukandwa mpaka mkono unauma, bado hujala. Alipewa uji wa mchele wenye maji ya waridi, akasema tamu sana, akaufunika na sahani na kwenda kukamua. Kwa hivyo ilikuwa ni mdomo wangu, na mdomo wangu haujui kudanganya. Siandiki hivyo kujisifu. Ni kasoro. Nimewahi kuharibu sherehe za watu kwa hiyo kasoro.

Ule uji wa waridi nilimwambia ni kama kula losheni.

"Losheni nzuri ama losheni mbaya?"

"Losheni ni losheni."

Akaandika kitu kwa simu yake. Alikuwa na hiyo tabia, ukisema neno anaandika, mpaka ukaogopa kumeza.

Halafu chai. Hapa niliudhika kabisa, na sijui kama nilikuwa na haki, lakini niliudhika. Sisi ni watu wa majani chai. Tunachuma wenyewe, tunajua jani likiwa changa na likizeeka, na chai kwetu ni maziwa, halafu maji kidogo ya kuyasindikiza. Yeye akaniletea strungi, chai isiyo na maziwa, kwenye glasi. Strungi! Ya siku ambayo ng'ombe amekauka. Tena ina majani ya minti yanaelea, na iliki, na haina sukari.

"Huko ndivyo wageni wanakaribishwa," akasema.

"Na hao wageni wanarudi tena?"

Hata yeye alicheka. Lakini baadaye nilimwona akimwaga ile glasi yangu kwenye maua, polepole, na sikupenda vile mgongo wake ulivyokaa.

Siku nyingine aliniuliza kama kuna zabibu huku kwetu Bomet, anataka majani yake ya kufungia wali. Nikamuuliza kama anaona zabibu hapo kwa zizi. Basi akaingia kwenye chai yetu, akachuma yale majani makubwa yaliyozeeka ya chini, akajaribu kukunja wali ndani. Baba yake akayashika, akayageuza. "Haya, kwa kituo yangekataliwa," akasema. Yalikuwa magumu kama viatu. Mimi nikaondoka pale kwa hasira, nikaenda nyuma ya nyumba, nikachuma majani ya malenge nikamtupia mezani. Sikuwa nasaidia. Nilitaka tu aache kuchuma chai yetu.

Akayakunja yale ya malenge. Vitu vidogo kama vidole, vimepangwa kwenye sufuria, vikakamuliwa ndimu, vikawekewa sahani juu visifunguke. Nilionja kimoja.

"Si mbaya," nikasema.

"Si mbaya ni nzuri, ama si mbaya?"

"Si mbaya."

Akaandika.

Jambo lililonichosha zaidi ni hizo ndimu. Zile za sanduku zilikuwa zinaisha, na alitaka kutengeneza zake za hapa. Unachemsha ndimu kwa maji ya chumvi, unazianika juani wiki kadhaa mpaka ziwe kama makaa. Juani! Huku kwetu jua ni la asubuhi, saa nane mvua imefika, na siku mbaya ni mvua ya mawe. Alizipanga juu ya mabati, akaenda zake. Ni nani alikuwa anakimbia kutoka kwenye chai na kikapu mgongoni, akipanda ngazi kuokota ndimu? Jirani yangu alikuwa anasimama kwenye ua kunitazama. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai kwa shamba kubwa, yeye akazaliwa huku na akanunua ploti karibu nasi, na hana haya na mtu.

"Dada, unachuma mabati siku hizi?" anapaza sauti.

"Nyamaza uje unishikie ngazi!"

Pamoja na kukimbia kote, ndimu zilishika ukungu wa kijani. Binti yangu akazikusanya zote. Kesho yake nilizipata kwa shimo la mbolea. Zile ambazo hazikuwa zimeharibika sana nilizitoa, nikazipangusa na chumvi, nikazipandisha kwenye dari ya jiko la kuni, mahali tunakaushia mbegu za mahindi kwa moshi. Hata hilo sikulifanya kwa upendo wowote. Mimi siwezi tu kuona chakula kikitupwa.

Na hiyo ndiyo sababu ya yale ya maziwa.

Ilikuwa Jumamosi. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na binti yangu alikuwa amewaalika jirani yangu na mama wawili wa kikundi chetu cha maombi waje kula Jumapili baada ya kanisa. Asubuhi alienda Chepilat kuangalia chumba ambacho kingekuwa hoteli, kama kungekuwa na hoteli. Niliingia jikoni nikakuta maziwa yake yaliyoganda yamefungwa kwenye kitambaa cheupe, yananing'inia kwa msumari, na maji yake yanadondoka kwenye beseni. Tone, tone. Maziwa ya ng'ombe wangu, yale mazito ya asubuhi, yanamwagika kama maji ya kufulia.

Nilidhani amesahau. Nilidhani labda alitaka kuyachuja na haraka ya kutoka ikamzidi. Mwanamke wa hapa akiona maziwa yanamwagika haendi kuitisha mkutano. Nilichukua sotet, kibuyu chetu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet, nikasugua makaa yake ndani mpaka kibuyu kikanukia vizuri, nikayatia maziwa yote humo, mazito na yale maji ya beseni pia, nikatikisa, nikaziba. Niliridhika sana na nafsi yangu. Nilitoka hata nikiimba.

Alirudi alasiri, viatu vimejaa matope, akaenda moja kwa moja kwa msumari.

"Mama, maziwa yangu yako wapi?"

"Nimeyaokoa."

"Umeyafanya nini?"

"Yalikuwa yanamwagika. Yako kwa sotet."

Akaenda akakifungua, akachungulia. "Na makaa?"

"Sotet bila makaa ni chupa tu."

Nilingoja anishukuru, naandika kama ilivyokuwa. Akaketi juu ya kigoda na viatu vyake vichafu. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni.

"Hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha kesho. Inachujwa usiku mzima mpaka iwe ngumu unaweza kupaka. Huko, Mama, sufuria yangu ilikuwa ya kila mtu. Madam anafunua, anaongeza chumvi, anaenda kuambia wageni amepika yeye. Sikusema kitu miaka yote hiyo. Nilikuwa najiambia, siku moja nitakuwa kwetu, nitaning'iniza kitu changu kwa msumari, nitoke, nirudi nikipate pale nilikiacha."

"Si ungeniambia."

"Ningekwambia ungesema nini? Ungesema si mbaya!" Sasa sauti haikuwa ndogo tena. "Sijui kama unapenda, sijui kama unatapika. Mpaka mwisho wa mwezi nifanye nini, nikisie? Leo nampigia ajenti."

Baba yake alikuwa mlangoni. "Lakini chakula chako ni kitamu sana," akasema.

"Baba, nakuheshimu. Lakini wewe nikikuchemshia mawe utasifu supu."

Mzee akafikiri. "Inategemea mawe," akasema, na akarudi nje, na hakuna aliyecheka.

Kuna kitu kilinipanda kichwani. Nilikuwa nimechoka na wiki hizo zote, na ngazi, na simu ya kuandika maneno yangu, na kutembea ndani ya nyumba yangu kama mtu anayebeba mayai. Nikamwambia akae hapo hapo.

"Unataka maneno? Haya. Maji ya samaki yananuka, na yataendelea kunuka hata ukiyaita jina la Kizungu. Uji wa waridi sitaki kuuona tena. Ile strungi yako mpe adui. Wali wa njano ni mzuri lakini zabibu zinanishtua, nauma nikidhani ni mdudu. Ule ufuta wa mkebe unashika koo, mpaka ukiweka ndimu, ukiweka ndimu unateremka. Na yale majani ya malenge, yale uliyakunja, niliamka alfajiri nikayala baridi, nimesimama, nikamaliza yaliyobaki, na ulipouliza nilisema ni baba yako. Na juzi ulipoenda sokoni niliteremsha ndimu moja kutoka darini nikaitia kwa maharagwe."

Alikuwa ameinua kichwa. "Darini? Ndimu gani?"

"Zile ulitupa."

"Zimekauka?"

"Moshi umezikausha. Ni nyeusi kama zile za sanduku. Labda zaidi. Sijui."

Nilingoja alie ama anikumbatie, na nilikuwa najitayarisha vibaya kwa yote mawili. Yeye akauliza, "Uliitoboa?"

"Kwani inatobolewa?"

"Uliitia nzima na mbegu?"

"Nzima."

"Basi ilikuwa chungu nyuma ya ulimi."

"Ilikuwa chungu nyuma ya ulimi," nikakubali. "Lakini mbele ilikuwa tamu."

"Unatoa mbegu kwanza, Mama. Aki." Akapanda ngazi ya dari na viatu vile vile vya matope, na nikamsikia huko juu akizinusa moja moja mpaka giza likaanza kuingia. Halafu akateremka, akachukua sotet, akamimina yale maziwa tena kwenye kitambaa, na makaa yake na yote, akayaning'iniza kwa msumari. Aliniangalia. Nikainua mikono kuonyesha sishiki kitu. Ajenti hakupigiwa siku hiyo, lakini hakuna aliyesema hatapigiwa kesho.

Jumapili yale maziwa yalikuwa yameshikana kama udongo wa kukandikia ukuta, na rangi ni hiyo hiyo pia, kijivu cha majivu. Nilipoyaona niliaibika. Yeye aliyapaka kwenye sahani pana, akachimba shimo katikati na kijiko, akamwaga mafuta, akanyunyiza ule unga mwekundu. Akaweka chapati pembeni, na majani ya malenge, na maharagwe yenye ndimu ya darini, safari hii bila mbegu. Chai aliweka mbili, ya minti na ya maziwa. Hakuniuliza kitu.

Mama wa kwanza wa maombi alionja ile ya kijivu, akatabasamu vizuri, na hakurudi tena kwenye sahani. Hakuipenda, na naandika hilo pia, kwa sababu ni kweli. Wa pili alikula majani tu, lakini aliyala sana, na akauliza kama yaliyobaki ni ya kanisa ama anaweza kubeba. Jirani yangu ndiye aliyeishika ile sahani. Yeye kwao hawafanyi mursik ya makaa, na tangu tujuane anatucheka kwa hiyo. Alikata chapati, akachota, akatafuna macho yakiwa juu.

"Mnaona vile watu hawa wako?" akawaambia wenzake. "Wamepeleka maziwa mpaka Uarabuni na bado wakayarudisha kwa makaa."

"Ni mbaya?" binti yangu akauliza. Simu ilikuwa mezani, lakini hakuishika.

"Inanuka kama nyumba ya mama yako mvua ikinyesha." Akachota tena. "Lete chapati ingine. Hii imeisha na sahani bado."

Alikula mpaka akaifuta sahani na kidole. Alipokuwa anatoka alimwambia binti yangu, "Ukifungua hiyo hoteli, usiniletee ile chai ya dawa ya meno. Lakini hii nitakuja." Sikujua kama hiyo ni sifa ama la. Binti yangu alionekana kujua.

Jumatatu niliona simu inalia juu ya gunia la mahindi. Ni ajenti. Binti yangu mikono ilikuwa imejaa unga, akaniomba nimshikie simu kwenye sikio. Kazi ngumu kuliko zote mama anaweza kupewa. Nilisimama pale kama nguzo, nikiangalia ukutani, nikisikia yule kijana akieleza tiketi, akieleza nyumba mpya ni kubwa, watoto wawili tu, madam ni mpole.

Binti yangu alichota supu kwenye sufuria na kijiko, ya kuku na ndimu nyeusi, akapuliza, akaniletea mdomoni. Mikono yangu ilikuwa kwa simu. Nikafungua mdomo kama kifaranga.

"Sema, Mama."

Nilijua ni wakati wa kusema ni tamu. Mtu yeyote mwenye akili angesema tamu. Hata yule kijana kwenye simu alikuwa anangoja.

"Chumvi imezidi," nikasema. "Na weka majani ya malenge ndani mwishoni. Yatavuta chumvi."

Alinitazama, kijiko bado kiko hewani. Halafu akasogeza mdomo kwa simu. "Umesikia?" akamwambia ajenti. "Bado nina kazi hapa. Usinitumie tiketi."

Akarudi kwa sufuria, akaongeza maji. Mimi nilibaki na simu mkononi, na tayari alikuwa ananituma shambani kwa majani ya malenge, haraka, kabla mvua haijafika. Nilikwenda nikilalamika njia nzima. Nililalamika pia kwamba lile chupa la maji ya samaki sasa liko kwenye kabati langu, karibu na sukari, na kwamba hakuna aliyeniuliza.